Nani Analipa Nauli ya Mzigo Wetu?

Na Mwanachama, Songea

Kila mwaka msimu unapofunguliwa hapa Songea tunasikia neno moja tu: bei. Bei ya kahawa ya Mbinga, bei ya mahindi, bei ya korosho za Tunduru, bei ya ufuta wa Namtumbo. Mikutano inaitishwa, watu wanapiga makofi au wanazomea, kisha kila mtu anarudi kwake. Neno nauli halitajwi. Na mtu akilitaja, huambiwa kuwa hilo ni jambo la mnunuzi, la mwenye lori na la mwenye meli, wala mkulima halimhusu. Ndugu zangu, uongo huo unatugharimu fedha nyingi, nasi tumeuvumilia muda mrefu mno.

Hebu tufanye hesabu kama wafanyavyo wao. Mnunuzi mkubwa wa kahawa hakai Mbinga akajiuliza mkulima ametumia nguvu kiasi gani. Yeye huanzia New York, kule Marekani, ambako bei ya kahawa ya arabika hupangwa kila siku ya kazi. Akiisha kuiona bei hiyo, huanza kurudi nyuma hatua kwa hatua. Anatoa nauli ya meli. Anatoa bima. Anatoa gharama za bandari na za wakala wa forodha. Anatoa nauli ya lori, gharama za kukoboa, magunia, ghala na ushuru. Anatoa riba ya fedha alizokopa benki. Anatoa faida yake mwenyewe, na hiyo hasahau kamwe. Kinachobaki chini kabisa ya karatasi ndicho kinachoitwa bei ya mkulima.

Basi nani amelipa nauli? Mwenye meli akipandisha, mnunuzi huandika tarakimu mpya katika karatasi yake na kupunguza chini. Mafuta ya dizeli yakipanda, mwenye lori humwambia mnunuzi, naye hupunguza chini. Wote wana mtu wa kumsukumia mzigo, isipokuwa mmoja aliye mwisho wa mstari. Huyo hajatia sahihi mkataba wowote wa uchukuzi, hajapata kuiona meli, na huenda hajapata kufika Mtwara, lakini ndiye aliyelipa yote.

Na bado hatujamaliza, maana mkulima wa Kusini hulipa nauli mara mbili. Mbolea anayoitia shambani inatoka ng'ambo. Hapo hesabu haianzi juu ikashuka. Inaanzia kiwandani na kupanda: bei ya kiwanda, nauli ya meli, bima, bandari, lori hadi Songea, lori dogo hadi kijijini, faida ya mwenye duka. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipita shilingi 100,000, na Serikali ikatoa ruzuku ukashuka hadi 70,000. Tunaishukuru Serikali kwa ruzuku. Lakini ruzuku hailifupishi barabara. Mtu huyu mmoja anakatwa nauli anapouza na anaongezewa nauli anaponunua, naye ni yule yule tunayemwambia kila siku kuwa ni uti wa mgongo wa Taifa.

Jambo hili lina historia, na yafaa vijana waijue. Wakati wa mkoloni Songea haikuhesabiwa kuwa nchi ya kutoa mazao. Ilihesabiwa kuwa nchi ya kutoa watu. Mashamba ya mkonge yalihitaji mikono, na SILABU, ofisi ya mabwana wa mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944, ilikuwa na malori na kambi za njiani za kuwasafirisha manamba. Mzigo uliopewa malori mengi kutoka huku ulikuwa mwili wa Mngoni na wa Mmatengo. Wakulima wa tumbaku walikuwa wamekwisha kuunda umoja wao wa ushirika wa Ngoni-Matengo tangu miaka ya 1930, lakini tumbaku yao iliteseka katika barabara za vumbi, na masika yakianza ilikaa ghalani.

Kisha ukaja ule mradi wa karanga. Serikali ya Uingereza ikamwaga fedha Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikajenga reli kutoka pwani ya Mtwara kuelekea Nachingwea, na ikaanza kujenga bandari ya kina kirefu Mtwara. Mradi ukafa mwaka 1951, baada ya kuteketeza kiasi cha pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Bandari ikafunguliwa mwaka 1954, karanga hakuna. Reli ikafika na Masasi, haikufika Tunduru wala Songea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Walisema haina mzigo. Ni kweli haikuwa na mzigo, kwa sababu iliishia kabla ya kufika kwenye mzigo! Mahindi, tumbaku na makaa ya mawe yalikuwa mbele yake, juu huku.

Tangu siku zile mambo yamebadilika, na anayesema hayakubadilika ni mchochezi. Barabara ya lami ya Makambako hadi Songea ilijengwa miaka ya 1980. Barabara ya Mtwara, Masasi, Tunduru, Namtumbo hadi Songea sasa ni lami tupu, na mbele yake lami imefika Mbamba Bay ziwani. Wazee waliokwama siku tatu matopeni kati ya Tunduru na Namtumbo wanaijua thamani ya jambo hilo. Bandari ya Mtwara imeongezewa gati jipya la mita 300, kazi iliyoanza mwaka 2017. Kutoka Songea hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 650. Hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 950. Mungu na Serikali wametupa mlango wa karibu. Lililobaki ni sisi kujua namna ya kuupita bila kuachwa watupu.

Mwishoni mwa mwaka 2021 na mwaka 2022 tulipata somo ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote cha shule. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, Ulaya ilianza kutafuta makaa ya mawe kila pembe ya dunia. Makaa ya Ruvuma, ambayo kabla ya hapo yaliuzwa zaidi kwa viwanda vya saruji na kwa majirani, yakapelekwa Mtwara na kupakiwa katika meli kwenda Uholanzi, Ufaransa na India. Bandari iliyozoea korosho ikawa nyeusi kwa vumbi. Malori yakapita Songea usiku na mchana, hata watu wa mjini wakalalamika kukosa usingizi.

Tulijifunza nini? Kwanza, kwamba umbali si ugonjwa usiotibika. Tani moja ya makaa ilipopita dola 400 katika soko la dunia mwaka ule, kila mtu alikuwa tayari kulipa nauli ya kilomita 650 za barabara na maelfu ya maili za bahari. Pili, kwamba bei ilipoanguka mwaka uliofuata, wa kwanza kubanwa alikuwa mwenye lori na kijana wa kupakia. Mchanga wa bahari haukubanwa, wala meli.

Lakini somo la tatu ndilo kubwa, nalo wengi hawakuliona. Chukua meli moja ya tani 50,000. Lori moja, kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ambayo hairuhusu gari na mzigo wake kupita tani 56, linachukua kiasi cha tani 30. Gawanya: ni safari 1,667 za malori kwa meli moja. Meli ya kukodi haingoji. Mkataba wake hutaja siku za kupakia, na zikipita, mwenye mzigo hulipa maelfu ya dola kwa kila siku ya kuchelewa. Ukitaka kuipakia kwa siku kumi kwa mzigo unaotoka moja kwa moja mgodini, itabidi lori lifike gatini kila baada ya dakika tisa, usiku na mchana, bila pancha na bila mizani. Haiwezekani. Kwa hiyo makaa hurundikwa kwanza bandarini kwa wiki nyingi, meli ndipo iitwe. Sasa tuseme, kwa mfano tu, nauli ya lori ni shilingi 100,000 kwa tani. Mwenye mzigo atakuwa amezika shilingi bilioni 5 za nauli katika rundo lile kabla meli haijang'oa nanga, na kabla mnunuzi wa ng'ambo hajalipa hata senti. Nani katika Ruvuma ana bilioni 5 za kuzika ardhini kwa miezi miwili? Ndiyo maana wachimbaji wetu wadogo waliuza makaa pale pale shimoni, na waliotajirika ni wale walioweza kungoja.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Kungoja nako kuna nauli yake, na kwa mazao mengine nauli ya kungoja ni kubwa kuliko nauli ya lori. Tufanye mfano wa kahawa. Chama kikuu kina tani 1,000 za kahawa, kilo moja inakisiwa shilingi 5,000. Jumla ni shilingi bilioni 5. Lori la tani 30 likilipwa shilingi milioni 3, kila kilo imebeba shilingi 100 za nauli. Sasa chama kimekopa benki fedha za kuwalipa wakulima malipo ya kwanza, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Kahawa ikikaa siku 60 kabla fedha hazijarudi, riba ni kama shilingi milioni 123, yaani shilingi 123 kwa kila kilo. Ikikaa siku 120, ni shilingi 247 kwa kilo. Gari limetugharimu 100, kukaa bure kumetugharimu 247! Na hakuna mtu aliyeuliza habari ya zile 247 katika mkutano. Wote walikuwa wakigombana juu ya lori.

Kwa mahindi mambo ni kinyume. Kilo ya mahindi ikiwa shilingi 700, shilingi 100 za lori ni sehemu moja ya saba. Kwa makaa lori ni karibu kila kitu. Kwa hiyo kila mzigo una ugonjwa wake, na daktari anayetoa dawa moja kwa wote ni mganga wa njiani.

Siku hizo za kungoja zinatoka wapi? Zinatoka katika gunia lisilokobolewa kwa sababu umeme umekatika. Zinatoka katika sampuli zinazosafiri kwenda mnadani. Zinatoka katika kontena tupu ambalo halipo Mtwara, kwa kuwa meli za makontena hupenda kwenda mahali penye mzigo wa kuja na wa kwenda, na Mtwara inatoa mzigo mwingi lakini inapokea kidogo. Na mara nyingi zinatoka katika karatasi. Mnunuzi wa ng'ambo anapolipa kwa barua ya dhamana ya benki, benki haitazami kahawa, hutazama hati: hati ya shehena kutoka kwa mwenye meli, ankara, cheti cha mahali mazao yalikotoka, cheti cha afya ya mimea. Jina likikosewa herufi moja, au uzito wa hati moja ukihitilafiana na wa nyingine, hati hurudishwa na fedha hulala. Karani mmoja mzembe anaweza kula jasho la kijiji kizima bila kuiba hata thumuni.

Nako kungoja huko kwa juu ndiko kunakozaa balaa la chini. Wasomaji wa Mbinga wanaijua magoma. Wenzao wa Kagera huita butura, na katika korosho huitwa kangomba. Mkulima hana fedha mwezi wa Februari, mtoto anatakiwa shule, mama anaumwa. Mlanguzi anakuja na noti mkononi na kununua kahawa ingali juu ya mti. Tuseme anampa shilingi 2,000 kwa kilo ambayo Julai itauzwa 5,000. Hiyo ni riba ya asilimia 150 kwa miezi mitano. Benki inayotoza 15 kwa mwaka tunaiita mnyonyaji, na huyu tunamkaribisha chai! Wakuu wa wilaya wamepiga marufuku biashara hii mara nyingi, na watu wamekamatwa. Lakini marufuku haimpi mama dawa mwezi wa Februari. Magoma itakwisha siku ile chama cha msingi kitakapoweza kumkopesha mwanachama wake fedha halali mwezi huo huo, na chama hakitaweza ikiwa fedha zake zenyewe zimelala baharini.

Mwenye lori naye si bepari kama wengi wanavyodhani. Wengi ni watu wa gari moja, wamelinunua kwa mkopo. Kwenda Mtwara na kurudi ni kilomita 1,300. Kwa kilomita mbili kwa lita ni lita 650. Lita ikiwa shilingi 3,000 ni shilingi 1,950,000. Katika nauli ya milioni 3 inabaki 1,050,000 ya dereva, utingo, matairi, oili, na mkopo wa gari. Sasa mwambie kuwa atalipwa siku 45 baada ya kushusha. Akienda safari moja kila siku kumi, atakuwa amenunua mafuta ya safari tano, yaani shilingi 9,750,000, kabla hajaona shilingi ya kwanza. Hana. Basi hufanya mambo mawili: huuza madai yake kwa mwenye fedha kwa bei ya kutupa, au hupandisha nauli ya wote ili ifidie kungoja kwake. Na nauli ikipanda tumekwisha kuona inamwangukia nani.

Katika mikutano mingine husikika sauti moja: tununue malori yetu wenyewe. Naiheshimu nia, siikubali shauri. Katika miaka ya 1970 tulikuwa na kampuni za uchukuzi za mikoa. Malori yao yaliishia juu ya mawe kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni. Vyama vikuu vya ushirika vyenyewe vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mali nyingi ilipotea katikati. Lori ni mtoto anayekula kila siku, awe anafanya kazi au amelala. Msimu wetu ni miezi michache. Kinachokosekana Ruvuma si malori; yamejaa Kitai na Songea. Kinachokosekana ni fedha ya kungojea.

Kwa hiyo nasema chama kikuu kianzishe mfuko wa safari. Kila kilo ikatwe kitu kidogo, wanachama wakubali wenyewe kwa kura, fedha iwekwe katika akaunti ambayo haiguswi kwa posho, kwa gari la mwenyekiti wala kwa nyumba ya wageni. Shilingi 30 kwa kilo katika tani 1,000 ni shilingi milioni 30 kwa mwaka. Haitoshi kununua lori moja jipya. Lakini inatosha kumlipa mwenye lori mafuta yake siku ile ile anapopakia, na mtu anayelipwa mafuta leo atakubali nauli ndogo kuliko anayengoja siku 45. Fedha ikirudi inapakia lori jingine. Kwa miaka mitano mfuko huo utakuwa umefika mahali pa kuzungumza na benki bila kupiga magoti.

Mkataba wa uchukuzi nao usingoje mavuno. Mwezi Mei, wakati magari yanatafuta kazi, ndio wakati wa kupatana nauli ya Agosti, kwa sharti kwamba nauli itapanda au kushuka kwa kadiri ya bei ya dizeli inayotangazwa na EWURA kila mwezi. Hapo hakuna wa kumdanganya mwenzake, kwa kuwa tangazo ni la wote. Anayekwenda kutafuta lori gunia likiwa limekwisha kushonwa huyo amekwenda kuomba.

Kisha kuna jambo la gari kurudi tupu, ambalo mimi nalihesabu kuwa aibu. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilifunguliwa Mtwara mwaka 2015, na makaa yake huchukuliwa huku kwetu. Malori mengine huteremka na makaa na kupanda na saruji. Huo ndio mpango wa watu wenye akili. Lakini mangapi hurudi matupu huku mbolea ya Songea ikizungukia Dar es Salaam? Salfa ya mikorosho hushushwa Mtwara. Mbolea ikishushwa Mtwara kwa wingi, lori litalipwa njia zote mbili, na meli nayo itakuwa na sababu ya kuja, na makontena yatakuwapo bila kuagizwa matupu. (Bodi ya gari lililobeba makaa lazima ioshwe na turubai liwe safi, nimeona mbolea iliyochanganyika na vumbi la makaa, haifai kuuzwa kwa mtu.) Chama chetu kiikumbushe Serikali katika hili: inapotoa ruzuku ya mbolea ya mikoa ya Kusini, iseme pia mbolea hiyo ipite mlango gani.

Kuhusu korosho, nina ombi dogo ambalo halihitaji fedha hata kidogo. Minada hufanyika kwa korosho zilizo katika maghala ya Tunduru na kwa korosho zilizo Mtwara. Chama kikuu kibandike ukutani, kila baada ya mnada, bei ya Tunduru na bei ya Mtwara za daraja lile lile katika juma lile lile. Tofauti ya bei hizo yapasa iwe nauli ya kutoka Tunduru hadi Mtwara na si zaidi. Ikiwa nauli ni shilingi 70 na tofauti ni shilingi 200, basi tujue kuna mtu anatulipisha safari tatu kwa safari moja, na mwakani tuuzie mzigo wetu Mtwara.

Kaskazini yetu, pale Makambako, inapita reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China wakati nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa. Mwezi Septemba 2024 huko Beijing nchi tatu zilitia sahihi makubaliano ya kuifufua. Mahindi ya Songea yanaweza kupanda behewa Makambako baada ya kilomita 300 za lori badala ya 950. Lakini reli kubwa ya haki yetu ni ile ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kiasi cha kilomita 1,000, yenye matawi ya Liganga na Mchuchuma. Mapatano ya ushoroba wa Mtwara yalitiwa sahihi na Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia mwaka 2004. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana kura. Upembuzi umefanywa, wawekezaji wametafutwa, na bandari ya Mbamba Bay imeanza kujengwa. Mkoloni alisema Kusini hakuna mzigo. Sasa mzigo upo, na unaivunja lami tuliyoijenga kwa taabu. Hatusemi haya kwa kuibeza Serikali yetu. Tunasema kwa sababu ni yetu.

Wapo watakaoniuliza: na meli? Wazee wetu walilifikiri hilo mapema. Mwaka 1966 nchi za Afrika Mashariki pamoja na Zambia zilianzisha shirika lao la meli, na mwaka 1967 sisi na China tukaanzisha kampuni ya meli ya ubia ambayo ipo hata leo. Mwaka 1974 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni kuwa katika meli za ratiba nchi mbili zinazofanya biashara zigawane mzigo asilimia 40 kwa 40, na wengine wapate 20. Lile shirika la pamoja lilikufa, na kanuni ile wakubwa waliipita pembeni. Mwaka 2021 tuliona kontena moja la futi 40 likipita dola 10,000 katika njia kubwa za dunia, na tangu mwisho wa mwaka 2023 meli nyingi zimeizunguka Afrika kwa kuogopa mashambulizi ya Bahari ya Shamu. Hatukuulizwa, tulitumiwa hesabu tu. Siku moja tutarudi kwenye meli. Lakini asiyeweza kumlipa mwenye lori wa Lizaboni kwa wakati asianze kuota nahodha.

Na kuna dola. Katikati ya mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,600. Kufika Desemba ilikuwa imeshuka hadi kama 2,400. Chama kilichouza kwa dola katikati ya mwaka na kulipwa Desemba kilipoteza karibu shilingi 8 katika kila 100, bila mwizi kuvunja mlango. Mhasibu asiyeandika tarehe ya kuuza, tarehe ya kulipwa, na bei ya dola ya siku zote mbili, hajui chama chake kimepata nini.

Mikutano mikuu ya vyama vya msingi itakuja kabla ya mavuno. Mwanachama wa Chama aliye pia mwanachama wa ushirika asiende kupiga makofi. Asimame, amwombe mwenyekiti ruhusa, amuulize katibu mambo haya: Mwaka jana kilo moja ililipiwa nauli shilingi ngapi, na nani alipatana nauli hiyo? Tangu gunia la kwanza lilipotoka ghalani mpaka fedha ya mwisho kuingia zilipita siku ngapi? Riba ya siku hizo ni shilingi ngapi kwa kilo? Katibu akijibu kwa tarakimu, aandikwe katika kumbukumbu na ashukuriwe. Akijibu kwamba hayo ni mambo ya mnunuzi, apewe wiki mbili azilete tarakimu hizo, na mkutano usifungwe, uahirishwe tu.